Saruji Haimngoji Mtu

Katika mambo yanayoleta maneno mengi kijijini, watu wanapoazimia kujenga kitu cha umma, hatudhani kama liko linaloshinda mashine ya kuchanganyia zege. Fedha za saruji zikisha kupatikana, na mchanga ukisha kurundikwa, vijana husema: "Itafutwe mashine kubwa, kazi iishe siku moja." Wazee nao hujibu: "Sisi tulijenga kwa chepe, na nyumba zetu zasimama mpaka leo." Kila upande una haki yake, ila aghalabu pande zote mbili hunena pasi na kufanya hisabu.

Sisi tumepata kuwamo katika shauri kama hilo, katika kijiji cha wajomba zetu kilichoko pwani ya kusini ya Tanzania, baina ya Kilwa na milango ya mto Rufiji. Umeme siku hizi umefika vijiji vingi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini vitongoji vilivyo mbali na barabara bado havijaona waya, na kutoka kiwanja chetu cha kujengea nguzo ya mwisho yasimama mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tumeulizwa khabari za shauri lile na watu wa vijiji vingine viwili, na tumeona ni vyema kuziandika hapa, kwani vijana wengi wasomao kurasa hizi ndio wanaotumwa mjini kwenda kununua au kukodi mashine kwa fedha za watu.

Kilichokuwa kikijengwa ni birika la maji ya mvua, kando ya skuli. Visima vya kijiji kile vina maji ya chumvichumvi, na kiangazi kikizidi wanawake na watoto huamka kabla ya alfajiri kwenda kuyafuata maji matamu mbali. Paa la skuli ni la bati, nalo lina ukubwa wa mita mraba 100 hivi. Hisabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Birika lenye urefu wa mita 4 kwa ndani, upana wa mita 3 na kina cha mita 2 huchukua lita 24,000. Basi mvua ya milimita 240 yatosha kulijaza, ukiondoa yale yanayopotea njiani. Fedha zilichangwa kwa muda wa miaka miwili. Wavuvi walitoa mapato ya usiku mmoja mmoja, na bibi zetu walitoa fedha za mikeka. Mali ya namna hii ni amana, na mwenye kuishika hulala usingizi mwepesi. Zaidi ya hayo, birika si kama ukuta wa nyumba. Ukuta ukipata ufa hupakwa lipu na watu wakaishi ndani. Birika likipata mshono usioshikamana, maji huupata mshono huo kabla ya fundi.

Basi la kwanza lililopasa kuulizwa si mashine gani, bali mashine ya nini. Wazee waliosema kuwa watu wa kale walijenga bila ya mashine walisema kweli. Pale Kilwa Kisiwani, karibu nasi, limesimama gofu la msikiti mkuu wenye kuba na matao. Ibn Battuta alipita mji ule mwaka 1331, na tangu mwaka 1981 magofu yake yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Waliojenga pale hawakuwa na injini wala mifuko ya saruji. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaizima kwa maji. Lakini chokaa ina tabia ya upole. Hushika polepole kwa kunywa hewa, na ikifunikwa shimoni hewa isiifikie hukaa miezi mingi bila ya kuharibika. Katika miji yetu ya pwani dari za chokaa zilipigwa kwa fimbo siku kwa siku, watu wakiimba, na aliyechoka akenda kula akarudi akaikuta kazi yake yamngoja.

Saruji ya leo haina subira hiyo. Jina lake la Portland lilitolewa na Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipoandikisha haki ya uvumbuzi wake mwaka 1824, na tangu hapo imekuwa ikitengenezwa kwa nguvu zaidi na zaidi. Wengi husema kuwa saruji hukauka, na maneno hayo si sawa. Saruji haikauki bali huungana na maji, na muungano huo huanza pale pale inapolowa, hata ikiwa chini ya bahari. Mafundi wetu wana kanuni kwamba zege liwe limekwisha mwagwa na kushindiliwa ndani ya nusu saa tangu litiwe maji, khasa katika jua la pwani. Likipita muda wake likakorogwa upya kwa maji mengine, hurudi kuwa laini kwa macho tu, na nguvu yake imekwenda.

Hapo ndipo hisabu ya mashine inapoanzia, na tungependa msomaji atuvumilie kidogo kwa tarakimu.

Ukuta wa birika letu, kwa kupima katikati ya unene wake pande zote nne, ni mita 14.6, na unene wenyewe ni sentimita 15. Zege la ukuta halimwagwi upande mmoja mpaka juu. Humwagwa kwa matabaka, mathalan ya sentimita 30, likazungushwa birika zima. Kisha tabaka la pili huwekwa juu ya la kwanza lingali bichi, na nondo ya kushindilia hupenya mpaka katika lile la chini ili yashikamane yawe kitu kimoja. Tabaka moja la namna hiyo ni mita za ujazo 0.66 hivi. Kwa kuwa birika lataka zege zito lisilopitisha maji, fundi alichagua kipimo cha 1:1½:3, yaani saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa kipimo hicho hutoa takriban lita 125 za zege. Basi kila mzunguko wa ukuta hutaka mifuko mitano na kitu, na ukuta mzima, wenye mizunguko saba, hutaka mifuko 35.

Sasa tazama. Watu wanne wenye machepe, wakichanganya juu ya ubao, huumaliza mfuko mmoja kwa muda wa robo saa, wakiwa hawajachoka. Mzunguko mmoja utawachukua zaidi ya saa moja, na watakaporudi pale walipoanzia watalikuta zege limekwisha kushika. Mashine ndogo ya nusu mfuko, ikipewa dakika sita kwa kila pipa pamoja na kulisha na kumwaga, nayo itachukua saa nzima au zaidi. Mashine ya mfuko mmoja, kwa dakika zile zile sita, itamaliza mzunguko kwa nusu saa. Kwa hiyo ukubwa wa mashine yetu haukutokana na fakhari wala na bei. Ulitokana na ule muda ambao saruji ilikuwa tayari kutupa.

Ama ile mashine kubwa waliyoitaka vijana, ya mifuko miwili, tuliikataa kwa hisabu hiyo hiyo iliyogeuzwa upande wa pili. Kwa kila mfuko mtu huchota masanduku matatu ya kokoto na moja na nusu ya mchanga, hubeba maji lita 25, na wengine huchukua zege kwa makarai mpaka ukutani na kulishindilia. Kufanya hayo kila dakika sita kwahitaji watu kumi na watano walioshiba. Mashine mara mbili yake yataka watu mara mbili, na njia mbili za kupitia, na nafasi mbili za kusimama. Na kijiji kile kina vijana waliosalia wachache, wengine wakiwa wamekwenda Dar es Salaam. Mashine kubwa isiyolishwa hunguruma bure na kunywa mafuta.

Tusidharau chepe hata hivyo. Kwa misingi, kwa linta, kwa sakafu ndogo, kuchanganya kwa mkono ni jambo jema na la bei nafuu, madhali lafanywa juu ya ubao au sakafu safi, si juu ya udongo; vitu vikageuzwa mara tatu vikavu na mara tatu vilivyolowa, na saruji ikaongezwa sehemu moja katika kumi ili kufidia upungufu wa mkono. Vibarua nao hupata riziki. Mtu anayekodi mashine kwa kazi ya mifuko mitano, twaona anapenda kelele.

Katika kununua kuna jambo la majina ambalo huwapoteza wengi. Zamani mashine za mtindo wa Kiingereza ziliitwa kwa tarakimu mbili: 5/3½, 7/5, 10/7. Ya kwanza ni futi za ujazo za vitu vikavu vinavyoingia, na ya pili ni futi za ujazo za zege linalotoka. Huu ulikuwa mtindo mwaminifu, na mafundi wa makamo wangali wakiutaja. Siku hizi baadhi ya wauzaji hutaja lita za pipa zima, kama 350 au 400, na mnunuzi hudhani atapata zege la lita 400. Hatalipata. Pipa huzunguka likiwa limeinama, na lazima libaki tupu sehemu kubwa ili vitu vipate kuanguka na kugeuka. Muulize muuzaji lita za vitu vikavu na lita za zege. Asipojua, pima mwenyewe kwa masanduku. Mfuko mmoja wa saruji hujaza lita 35 hivi. Kwa kipimo chetu vitu vikavu vyote pamoja ni lita 192 au 193. Mashine ya 7/5 hupokea lita 198. Basi ilitutosha sawasawa, kama kanzu iliyokatwa na fundi anayekujua.

Likabaki swali la nguvu ya kuizungusha, na hapa ndipo mahali pasipo na umeme panapotaka akili zaidi.

Mjini mota ya umeme ni bora kuliko vyote. Haina moshi, haina kelele, haitaki hendeli, na hata mwanafunzi aweza kuiwasha. Muuzaji mmoja alitushauri tuchukue mashine ya umeme pamoja na jenereta ndogo, na bei yake ilivutia. Lakini mota ya namna hii, inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara tano au zaidi kuliko inavyovuta ikisha kwenda. Jenereta inayotosha kwa mwendo haitoshi kwa mwanzo. Mota ya kilovati moja na nusu huenda ikataka jenereta ya kilovati nne au tano, na waya mrefu mwembamba huzidi kuidhoofisha. Tena ni mashine mbili badala ya moja, na moja ikifa zimekufa zote mbili.

Hatusemi haya kwa kusikia. Katika kijiji kingine, ambacho hatutakitaja wala hatutamtaja mkandarasi wake, tulikuwapo siku lilipomwagwa zege la sakafu ya darasa kwa mashine ya umeme. Tangu asubuhi ilikwenda vizuri, kwani iliwashwa pipa likiwa tupu. Saa saba za mchana jenereta ikakohoa kwa mafuta machafu, ikazima, na pipa limejaa. Ikawashwa tena, mota ikanguruma pasi na kuzunguka, waya ukapata moto, na watu wakakimbia kuuchomoa. Pipa lile lilikuwa la namna isiyoinama, bali hutoa zege kwa kuzungushwa kinyume. Na lisipozunguka halitoi kitu. Vijana wakachota kwa mikono na makopo kupitia mdomoni, wakapata nusu yake. Iliyobaki ikashika usiku ule, na muda wa siku mbili ikawa kazi ya patasi na nyundo. Darasa lile lina mshono unaopita sakafuni toka pembe hadi pembe. Kwa darasa, si neno kubwa. Watoto huuruka wakicheza. Kwa birika, ingekuwa mwisho wa miaka miwili ya michango.

Kwa siku ile tulipata sharti ambalo tuliliweka mbele ya masharti yote: pipa liwe la kuinamishwa kwa gurudumu la mkono. Injini ikifa, mtu mmoja au wawili huliinamisha, na zege likatoka likatumika au likatupwa kabla halijawa jiwe. Na sharti la pili likafuata lenyewe: ziwepo mbao mbili safi na machepe manane kando ya mashine siku ya kazi, ili injini ikifa katikati ya ukuta, watu wote wamalize mzunguko kwa mikono. Fundi wetu, ambaye ni mzee wa makamo mwenye maneno machache, alipoulizwa na kijana mmoja, "Babu, mbao za nini na mashine ipo?" alijibu: "Mjukuu wangu, chombo chenye tanga hubeba na kasia."

Baina ya petroli na dizeli maneno yalikuwa mengi. Injini ya petroli ni nyepesi, rahisi kuvuta kwa kamba, na bei yake ni ndogo. Kwa kuwa kila kijiji sasa kina pikipiki, petroli hupatikana hata katika chupa za soda. Lakini hizo chupa ndizo adui yake. Mafuta yaliyokaa juani, yaliyoingia maji au kuchanganywa na mafuta ya taa, huziba kabureta, na vumbi la saruji humaliza lililobaki kama kichujio cha hewa hakisafishwi kila siku. Dizeli ni nzito na yagharimu zaidi, lakini huenda kwa utulivu na hudumu. Injini ya nguvu ya farasi 6, ikibebeshwa kazi yote, hula lita moja na kitu kwa saa.

Hata hivyo si hayo yaliyokata shauri. Lililokata ni swali aliloliuliza mama mmoja katika mkutano, aliyekuwa amekaa nyuma na wenziwe: "Nani hapa anayetengeneza kinu cha kusaga mahindi?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwani jibu lilikuwa limetimia. Kinu cha kijiji huendeshwa na injini ya dizeli ya pistoni moja, ya kupozwa kwa maji, yenye gurudumu zito ubavuni na hendeli ya kuwashia. Injini za namna hiyo ziko katika vinu vingi vya vijiji vya Afrika ya Mashariki. Mwenye kinu amekwisha kuifungua ile yake hata akiwa gizani aweza. Ana nozeli ya akiba, ana vipuli, na anajua duka gani Kilwa Masoko huviuza. Ikiwa mashine ya zege itakuwa na injini ya ukoo huo huo, ugonjwa wake una tabibu hatua mia moja kutoka hapo. Ikiwa na injini nyingine, hata iwe bora kiasi gani, tabibu wake yuko Dar es Salaam, na saruji haitamngoja aje.

Basi vijiji viwili vilishirikiana kununua mashine kuukuu ya 7/5, ya pipa la kuinama, ambayo injini yake ya kwanza ilikuwa imekufa na kwa hiyo bei ikawa ndogo. Ikafungwa injini mpya ya farasi 6, ndugu mdogo wa ile ya kinu, na fundi akabadili puli ili pipa lizunguke kama mara 25 kwa dakika. Kukodi kungekuwa bora kwa kazi moja karibu na barabara. Lakini kwetu mashine hufika kwa jahazi, na mwenye kukodisha huhisabu siku tangu itoke kwake mpaka irudi, upepo uwe mzuri au mbaya. Nasi tulikuwa na kazi siku tatu zilizotengana: sakafu, kisha ukuta, kisha dari. Tuliichukua vipande vipande, injini mbali, pipa mbali, fremu mbali, na mabaharia wakaipandisha pwani kwa magogo.

Maji ya kazi yalichukuliwa kwa mapipa kutoka ng'ambo. Maji ya chumvi, na mchanga wa ufukoni usiooshwa, hushika saruji vizuri kwa macho, lakini nondo iliyomo ndani huanza kutu, na kutu hupasua zege baada ya miaka michache. Kwa ukuta peke yake yalitakiwa lita 875 za kuchanganyia, karibu ndoo 44 za lita 20, mbali na za kuoshea. Katibu wa kamati aliziandika ndoo moja moja katika daftari, jambo ambalo wengine waliliona la uchoyo.

Nalo halikuwa uchoyo tu. Mashine ina fitina yake moja: zege likiwa jepesi kama uji, humwagika kwa raha, karai huwa rahisi kubeba, na mwendesha mashine husifiwa kwa wepesi wake. Kila mmoja pale ana sababu ya kuongeza kopo moja la maji, ila atakayeyanywa maji ya birika. Duff Abrams wa Chicago alionyesha mwaka 1918, baada ya majaribio mengi, kwamba nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na saruji. Maji yakizidi, nguvu hupungua. Maji yasiyoungana na saruji hutoka baadaye, na njia zake hubaki kuwa vitundu. Kwa mfuko wa kilo 50 tulishika lita 25 na tusizidishe, na asubuhi mchanga ukiwa na umande tulipunguza. Aliyepewa ndoo ya maji alikuwa binti mmoja wa darasa la saba, kwa sababu hakuwa na urafiki na yeyote katika wabeba makarai.

Kwa wazee wa nyumba tuna neno la watoto. Mashine hii huvuta watoto kama ngoma. Belti na meno ya pipa lazima yafunikwe kwa bati, na asikaribie mtu mwenye kikoi kinachopepea, wala kanzu, wala ushungi unaoning'inia; nguo huvutwa na mkono hufuata. Saruji mbichi nayo hula ngozi pole pole bila ya kuumiza mwanzo, na vijana husimama ndani yake miguu mitupu tangu asubuhi. Jioni ndipo hujua. Viatu vya mpira na maji safi ya kunawia ni katika gharama za ujenzi, wala si anasa.

Ukuta ulimwagwa mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, toka saa moja ya asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Injini ilizima mara moja, katika mzunguko wa nne, kwa hewa iliyoingia katika mrija wa mafuta. Pipa likainamishwa, mbao zikalazwa, mifuko miwili ikachanganywa kwa chepe. Na mwenye kinu, aliyekuwa amekaa chini ya mnazi na spana zake tangu alfajiri, akaitoa hewa ile kwa muda wa dakika kumi. Kisha kwa siku saba ukuta ulivikwa magunia yaliyotota, na wanafunzi wakipokezana kuyamwagia. Twashukuru kwamba tangu lijazwe mpaka tuandikapo haya hatujaona jasho upande wa nje.

Mashine sasa yakaa chini ya banda la makuti, kwa zamu, miezi sita kijiji hiki na miezi sita kile. Kila jioni ya kazi pipa hutiwa kokoto na maji likazungushwa mpaka liwe safi, kwani wanaoligonga kwa nyundo hulibonyeza, na penye bonde saruji hukaa. Juma lililopita tulipata barua ya kijiji cha tatu. Wataka kuiazima kwa sakafu ya zahanati yao, ambayo fundi wao amepanga kwa kipimo cha 1:2:4, mfuko mzima kwa kila pipa. Tumewajibu kuwa mashine wataipata inshaallah, ila mfuko mzima kwa kipimo hicho ni lita 245 za vitu vikavu, na hautaingia. Tutawapelekea na sanduku letu la kupimia, la mbao, sentimita 40 kwa 35 kwa kina cha 25. Watie masanduku matatu ya kokoto na moja na nusu la mchanga kama tulivyotia sisi, na saruji waipime kwa sanduku hilo hilo mpaka kwenye mstari mwekundu tuliouchora kwa ndani, ambao ni robo tatu yake. Na maji yasipite ndoo moja.